Anayesoma ndiye anayejifunza: mrejesho kati ya wanafunzi wanaoandika kwa lugha ya pili

Mwalimu anawaambia wanafunzi wabadilishane daftari, kila mmoja asome insha ya mwenzake na kutoa maoni. Baada ya dakika kumi daftari zinarudi. Moja imeandikwa "nzuri sana" chini ya ukurasa. Nyingine imezungushiwa maneno matano, na mawili kati ya hayo yalikuwa sahihi tangu mwanzo. Ya tatu haina kitu. Wenye insha wanatupia jicho alama hizo, wanafunga daftari na kumsubiri mwalimu asahihishe. Hapo ndipo wengi huhitimisha kwamba zoezi hili halifai kwa watu ambao wenyewe bado wanajifunza lugha wanayoiandikia.

Hitimisho hilo linaeleweka, ila linalipima zoezi kwa kipimo kisicho chake. Wanafunzi hao walipewa kazi ya mwalimu, yaani kusahihisha lugha, bila kuwa na ujuzi wa mwalimu. Kazi wanayoiweza, ya kusoma kwa makini na kumweleza mwandishi kilichofika na kisichofika, hawakupewa. Na kuna jambo la pili ambalo husahaulika zaidi: faida kubwa ya zoezi hili haimwendei mwenye insha. Inamwendea aliyeisoma. Ukilikubali hilo, karibu kila uamuzi unaofuata hubadilika, kuanzia jinsi ya kupanga vikundi, maswali ya kuuliza, mpaka kitu cha kutolea alama.

Kazi tatu zinazochanganywa

Kuna kusahihisha, kuna kutoa mrejesho, na kuna kutoa alama. Kusahihisha ni kutafuta kosa na kuweka umbo lililo sahihi mahali pake. Kutoa mrejesho ni kumweleza mwandishi jinsi maandishi yake yalivyompata msomaji: alielewa nini, alipotea wapi, alitaka kujua nini zaidi. Kutoa alama ni kupima kazi iliyokamilika dhidi ya kiwango fulani. Ya kwanza inadai umilisi wa lugha. Ya tatu inadai mamlaka na uzoefu. Ya pili inadai msomaji mwangalifu, na mwanafunzi wa kiwango cha kati anaweza kabisa kuwa msomaji huyo, kwa kuwa kwa kawaida mtu huelewa mengi zaidi katika lugha ya pili kuliko anavyoweza kuyaandika.

Hata kusahihisha kwenyewe, kunakoonekana kuwa kazi ya uhakika, kuna ubishi wake. Mwaka 1996 John Truscott alichapisha hoja kali kwamba kusahihisha sarufi katika madarasa ya uandishi wa lugha ya pili hakusaidii, kunaweza kudhuru, na kunapaswa kuachwa. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 akitetea masahihisho yanayofanywa kwa uangalifu, na mjadala ukaendelea kwa miaka mingi baada yao. Ikiwa wataalamu wanabishana kuhusu thamani ya masahihisho ya mwalimu, haiwi busara kuyafanya masahihisho kuwa kazi kuu ya wanafunzi.

Mrejesho pia una wakati wake: kati ya rasimu ya kwanza na ya pili. Hili laonekana dogo, lakini ndilo linaloua mazoezi mengi kabla hayajaanza. Kama hakuna rasimu ya pili, maoni hayana pa kwenda. Mwandishi anayejua kwamba insha yake haitaandikwa upya hana sababu ya kusikiliza, na msomaji anayejua hivyo hana sababu ya kujisumbua. Ni afadhali insha nne kwa muhula zilizoandikwa mara mbili kila moja kuliko nane zilizoandikwa mara moja.

Faida iko upande wa msomaji

Mwaka 2009 Kristi Lundstrom na Wendy Baker walichapisha utafiti waliofanya nchini Marekani kwa wanafunzi 91 wa Kiingereza kama lugha ya pili, katika madarasa tisa ya uandishi ya viwango viwili. Kundi moja lilifundishwa kusoma insha za watu wasiowajua na kuzitolea maoni, bila kupokea maoni ya wenzao juu ya insha zao. Kundi la pili lilifundishwa kutumia maoni yaliyokwisha kuandikwa, bila kutoa yoyote. Mwisho wa muhula, uandishi wa waliotoa maoni ulikuwa umepiga hatua kubwa zaidi kuliko wa waliojifunza kuyapokea. Tena waliosogea zaidi miongoni mwa watoaji walikuwa wa kiwango cha chini, na maendeleo yalionekana zaidi kidogo katika mambo mapana, kama mpangilio na ukuzaji wa hoja, kuliko katika sarufi na msamiati.

Sababu si ngumu kuiona. Mtu akisoma insha yake mwenyewe, anasoma alichokusudia. Sentensi inayokosekana kwenye karatasi ipo kichwani mwake, kwa hiyo haoni pengo. Anayeandika kwa lugha ya pili ana mzigo wa ziada: nguvu nyingi za akili zimekwenda katika kutafuta msamiati, kupatanisha viambishi na kukumbuka tahajia, na kilichobaki cha kuangalia kama aya ya pili inatokana na ya kwanza ni kidogo mno. Akishika insha ya mwingine, mzigo huo wa kutunga haupo, na wala hajui mwandishi alikusudia nini. Ana maneno yaliyo mbele yake tu. Pengo linaonekana.

Halafu anatakiwa kulitaja. Hapa ndipo kujifunza kunapofanyika kwa kweli, kwa maana kuhisi kwamba aya "haiko sawa" ni rahisi, ila kusema "mfano huu unahusu jambo jingine, hauithibitishi hoja yako" kunamlazimu msomaji awe na dhana ya mfano unaothibitisha hoja. Dhana hiyo ataibeba anaporudi kwenye insha yake. Zaidi ya hapo, insha ya mwenzake ina maneno na miundo iliyo mbele yake hatua moja au mbili tu, si mia. Insha ya mfano iliyoandikwa na mwandishi stadi humvutia mwanafunzi, lakini mara nyingi hajui aanzie wapi kuiiga. Ya mwenzake anaona imetengenezwaje.

Kutokana na haya, desturi moja iliyoenea inapaswa kutazamwa upya. Walimu wengi humpanga mwanafunzi hodari na dhaifu ili hodari amsaidie dhaifu, na dhaifu hubaki mpokeaji. Kwa mpangilio huo, anayehitaji zaidi zoezi la kusoma kwa jicho la mhakiki ndiye anayenyimwa. Dhaifu naye apewe insha ya kusoma, na maoni yake yachukuliwe kwa uzito uleule. Anaweza asijue kwa nini sentensi fulani haieleweki, lakini ushahidi wake kwamba hakuielewa ni halali, na mwandishi hodari anayependa sentensi ndefu zenye vishazi juu ya vishazi anauhitaji sana.

Wanafunzi wenyewe wanasemaje

Jibu linategemea umewauliza nini. Mwaka 1995 Shuqiang Zhang aliripoti kwamba kati ya wanafunzi 81 walioulizwa nchini Marekani, takribani asilimia 94 walipendelea mrejesho wa mwalimu walipotakiwa kuchagua kati yake na mrejesho usio wa mwalimu. Miaka mitatu baadaye, George Jacobs na wenzake waliwauliza wanafunzi 121 wa vyuo huko Hong Kong na Taiwan kama wangependa mrejesho wa wenzao uwe mojawapo ya aina za mrejesho wanaopata. Asilimia 93 walisema ndiyo. Matokeo haya mawili hayapingani. Mwanafunzi hataki mwenzake achukue nafasi ya mwalimu. Hana tatizo mwenzake akiongezwa. Mwalimu anayelianzisha zoezi kwa kusema "sasa mtasahihishana wenyewe" anawatia hofu ya kumkosa mwalimu bila sababu, na tena anaonekana kama anayekwepa kazi. Aseme wazi kwamba rasimu ya pili ataisoma yeye.

Kuhusu kiasi cha maoni kinachotumika, tarakimu hutofautiana kupita kiasi. Ulla Connor na Karen Asenavage, mwaka 1994, walifuatilia vikundi viwili vya wanafunzi nchini Marekani na kukuta kwamba karibu asilimia 5 tu ya mabadiliko katika rasimu yalitokana na wenzao, asilimia 35 na mwalimu, na mengine na vyanzo vingine, ukiwamo uamuzi wa mwandishi mwenyewe. Mwaka huohuo Cássia Mendonça na Karen Johnson walichunguza wanafunzi 12 wa kiwango cha juu waliozungumza wawiliwawili kuhusu rasimu zao: katika asilimia 53 ya matukio ya kurekebisha, mwandishi alikuwa ametumia maoni ya mwenzake. Tafiti hizi zilikuwa ndogo na watu wake walikuwa tofauti, kwa hiyo haifai kuzishindanisha kama mizani mbili. Zinachoonyesha zikiwekwa pamoja ni kwamba "mrejesho wa wenzao" si kitu kimoja chenye nguvu moja. Nguvu yake hutokana na jinsi unavyotayarishwa.

Hatua nne, na mfano mmoja

Utayarishaji ulioelezwa kwa uwazi zaidi ni ule wa Hui-Tzu Min wa Taiwan, katika tafiti zake za mwaka 2005 na 2006 kwa wanafunzi 18 wa chuo kikuu. Aliwafundisha msururu wa hatua nne: uliza nia ya mwandishi, taja tatizo, eleza kwa nini ni tatizo, kisha pendekeza kwa mfano mahususi. Mafunzo yalichukua saa nne darasani, na baada ya hapo alikaa na kila mwanafunzi kwa saa moja kujadili maoni aliyoyaandika. Baadaye maoni yao yakawa mahususi zaidi, waandishi wakayatumia kwa wingi zaidi, na marekebisho yaliyoboresha rasimu yakaongezeka.

Mfano utalionyesha hili vizuri kuliko maelezo. Chukua aya hii, ya mwanafunzi ambaye Kiswahili ndiyo lugha yake ya pili:

"Kazi ya nyumbani ni kitu muhimu kwa wanafunzi. Inasaidia mwanafunzi kukumbuka somo zilizofundishwa. Wazazi wengi wana kazi mingi na hawana muda. Mwanafunzi ambaye anafanya kazi kila siku atapata alama mazuri. Kwa hiyo walimu wanapaswa kupunguza kazi ya nyumbani."

Msomaji asiyefundishwa atakimbilia ngeli. Akiwa makini atageuza "somo zilizofundishwa" kuwa "somo lililofundishwa", "kazi mingi" kuwa "kazi nyingi", na "alama mazuri" kuwa "alama nzuri". Akizidisha bidii ataandika "kitu kimuhimu", kwa kuwa amejifunza "kitu kizuri" na "kitu kikubwa" na hajajua kwamba "muhimu" haichukui kiambishi. Hapo ameharibu kilichokuwa kizima. Lakini hata kama masahihisho yake yote yangekuwa sawa, aya ingebaki na ugonjwa wake mkubwa: sentensi tatu zinaitetea kazi ya nyumbani, moja inazungumzia wazazi bila kusema wanahusikaje, na ya mwisho inataka kazi hiyo ipunguzwe.

Aliyefundishwa hatua nne anaweza kuandika hivi. Kwanza nia: "Unaposema wazazi hawana muda, unamaanisha kwamba ndio wanaotakiwa kuwasaidia watoto kufanya kazi hizo?" Pili tatizo: "Sentensi ya mwisho inaenda kinyume na ya kwanza, ya pili na ya nne." Tatu maelezo: "Nilipoona 'kwa hiyo' nilitegemea useme kazi iendelee, kwa sababu ulikuwa umetaja faida. Nikarudi juu kutafuta nilichoruka, sikukiona." Nne pendekezo: "Weka faida zote pamoja mwanzoni, kisha anza sentensi ya wazazi kwa 'hata hivyo', eleza shida wanayoipata, ndipo uhitimishe."

Hakuna kati ya maoni hayo linalodai umilisi mkubwa wa Kiswahili. Hatua ya kwanza ndiyo walimu huiruka, wakiona ni adabu tu. Si hivyo. Bila kuuliza nia, msomaji hupendekeza insha ambayo angeiandika yeye. Huenda mwandishi wa aya ile alitaka kuitetea kazi ya nyumbani na ni ile sentensi ya mwisho iliyomponyoka. Hapo pendekezo zuri ni lingine kabisa.

Saa nne za mafunzo na saa moja kwa kila mwanafunzi ni nyingi kwa darasa kubwa. Vipindi viwili vilivyopangwa vizuri hutosha kuanza. Katika cha kwanza, insha isiyo na jina, ya mwanafunzi asiye wa darasa hilo, iwekwe ubaoni na mwalimu aisome kwa sauti huku akisema anachowaza kama msomaji: hapa nimeelewa, hapa nimesimama, hapa nilitarajia mfano. Katika cha pili, wanafunzi wapewe maoni kumi yaliyoandikwa juu ya insha hiyo, wayagawe mafungu mawili: yale ambayo mwandishi anaweza kuyafanyia kitu leo, na yale ambayo hawezi. "Ongeza maelezo" huangukia fungu la pili, na mabishano kuhusu sababu yake ndiyo mafunzo yenyewe. Kisha wayaandike upya maoni ya fungu hilo mpaka yaweze kutumika.

Kipindi chenyewe

Vikundi vya watatu hufanya kazi vizuri kuliko wawili. Kila mmoja husoma insha mbili na kupata wasomaji wawili. Wasomaji hao wakijikwaa mahali pamoja, mwandishi huamini, na mmoja asipofika shuleni kazi haikwami. Zaidi ya wanne, muda hauwatoshi. Rasimu iwe ya maneno 150 hadi 300, iwe imeachwa nafasi ya mstari mmoja kati ya mstari na mstari, na kila ukurasa uwe na nakala ikiwezekana. Kipindi cha dakika 45 chatosha kila msomaji kusoma insha moja, ikiwa usomaji wa insha ya pili umepangwa siku nyingine: dakika 5 za kusoma mara moja bila kushika kalamu, 15 za kusoma tena na kuandika, 15 za kuzungumza, na 10 za mwandishi kuamua atafanya nini. Zile 5 za kwanza za kutoshika kalamu zilindwe. Anayesoma na kalamu mkononi huona maneno kabla ya kuona insha.

Karatasi ya maswali iwe na maswali matatu, yasizidi manne, na yasiwe ya kujibiwa kwa ndiyo au hapana. "Je, insha ina utangulizi?" hujibiwa ndiyo na kila mtu, kwa sababu aya ya kwanza ipo siku zote. Maswali yanayofanya kazi humlazimu msomaji arudi kwenye maandishi. Kwa maneno yako, na kwa sentensi moja, mwandishi anataka uamini nini? Nakili sentensi moja iliyokufanya usimame au uirudie, ueleze kilichokusimamisha. Chagua hoja moja: ungemuuliza mwandishi nini kabla ya kuikubali? La kwanza lina nguvu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa sentensi ya msomaji isipofanana na kusudio la mwandishi, mwandishi amepata taarifa muhimu kuliko zote bila kulaumiwa na mtu. Maswali yabadilike kulingana na aina ya maandishi. Barua ya maombi na masimulizi haviulizwi mambo yale yale.

Mazungumzo yafuate maandishi, yasichukue nafasi yake. Maoni yaliyoandikwa peke yake mara nyingi huwa mafupi mno kueleweka, na ya mdomo peke yake husahaulika kabla ya rasimu ya pili. Mwandishi ndiye aanze kuuliza: "Hapa ulimaanisha nini?" Akinyamaza, mazungumzo hugeuka hotuba ya msomaji.

Mwisho mwandishi ajaze jedwali la safu tatu: maoni niliyopata, nilichofanya, na sababu. "Sikubadilisha, kwa sababu nilitaka msomaji ajiulize swali hilo kabla ya aya ya tatu" ni jibu linalokubalika, tena ni zuri. Jedwali hili, kwa maoni yangu, ndilo karatasi yenye thamani kuliko zote katika zoezi zima. Linamkinga mwandishi na mapendekezo mabaya, linamnyima nafasi ya kupuuza mazuri bila kufikiri, na linamwonyesha mwalimu fikra ambazo rasimu ya pili pekee haiwezi kuzionyesha.

Wazungumze kwa lugha gani?

Wakiwa na lugha moja ya kwanza, waachwe waitumie. Katika tafiti zao za miaka ya 1990 huko Puerto Rico, Olga Villamil na María de Guerrero waliwakuta wanafunzi wakizijadili insha zao za Kiingereza kwa Kihispania kwa sehemu kubwa, na lugha hiyo iliwasaidia kupata maana, kukumbuka maneno na kuendesha kazi. Kueleza kwa nini hoja haijathibitishwa ni kazi nzito hata kwa lugha uliyozaliwa nayo. Anayelazimishwa kuifanya kwa lugha anayoijua nusu atasema "nzuri" na kunyamaza, si kwa uvivu, bali kwa sababu hilo ndilo neno alilo nalo. Wasiokuwa na lugha ya pamoja wapewe vianzio vya sentensi kumi hivi, vya aina ya "Niliposoma… nilidhani…" au "Sioni uhusiano kati ya… na…", na wavizoee kabla ya siku yenyewe.

Mahali zoezi linapoharibika

Sifa tupu ndiyo kasoro inayojulikana zaidi, na mara nyingi huchukuliwa kuwa uvivu. Kwa wengi ni heshima. Joan Carson na Gayle Nelson, mwaka 1996, waliwachunguza wanafunzi wa Kichina katika vikundi vya uandishi na kuona kwamba walijizuia kutoa maoni kwa kuogopa kumuudhi mwandishi na kuvuruga maelewano ya kikundi. Kuwahimiza watu wa namna hiyo "wawe wakweli" hakusaidii. Kinachosaidia ni swali lisilodai hukumu. "Nakili sentensi uliyoirudia" hakumkosoi mtu. Kunaripoti kilichompata msomaji.

Upande wa pili ni msomaji anayeipora insha. Anafuta, anaandika upya, na mwandishi anarudishiwa aya ambayo si yake. Weka sharti moja: msomaji haandiki ndani ya insha, anaandika pembeni au kwenye karatasi ya maswali.

Uhusiano wa wanaofanya kazi pamoja una uzito kuliko viwango vyao. Neomy Storch, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2002 juu ya wanafunzi nchini Australia, alibainisha mitindo minne: wanaoshirikiana, wanaoshindania usukani, mmoja anayetawala na mwingine anayejikunyata, na mjuzi anayemvuta asiyejua. Dalili za kujifunza zilionekana zaidi kwa wanaoshirikiana na kwa mjuzi na asiyejua. Tofauti ya mtawala na mjuzi ni ndogo kwa macho lakini kubwa kwa matokeo: mjuzi huuliza na kusubiri, mtawala huamua. Mwalimu anayepita kati ya vikundi asikilize nani anauliza maswali, si nani anaongea sana. Akikuta mmoja amejikunyata, abadilishe kikundi katika insha inayofuata badala ya kumkemea mtu mbele ya wenzake.

Kisha kuna mwandishi anayekubali kila kitu. Huyu ni hatari kuliko mkaidi, maana rasimu yake ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza na hatajua kwa nini. Jedwali la sababu ndilo dawa yake.

Sarufi iwekwe wapi

Haiondolewi kabisa, inahamishwa hadi mzunguko wa pili, baada ya hoja kupangwa, kwa sababu hakuna haja ya kusahihisha sentensi itakayofutwa. Na iwe aina moja ya kosa kwa mara moja. John Bitchener na wenzake, katika tafiti zilizotoka miaka ya 2008 hadi 2010, waliyabana masahihisho kwenye matumizi mawili tu ya "a" na "the" katika Kiingereza, na waliosahihishwa waliboreka na kudumu na maboresho hayo kwa miezi. Hayo yalikuwa masahihisho ya mtafiti au mwalimu, si ya wanafunzi, lakini funzo la kubana linafaa hapa pia. Wiki hii upatanisho wa kivumishi na nomino tu. Wiki nyingine nyakati za vitenzi. Msomaji apige mstari chini ya anachokitilia shaka bila kuandika jibu, na mwandishi atafute mwenyewe katika kamusi au kitabu cha sarufi. Kwa njia hiyo "kitu muhimu" ingepigiwa mstari, mwandishi angehakikisha, na ingebaki ilivyo. Mistari ambayo wote wawili hawakuitatua huenda kwa mwalimu, na orodha yake humwambia kipindi kijacho afundishe nini.

Alama

Wanafunzi wasipeane alama za insha. Tarakimu ikishaingia, urafiki na kisasi huingia nayo, na maoni husomwa kama utetezi wa tarakimu. Kinachostahili alama ni kazi ya msomaji. Mwalimu aokote karatasi za maoni, asome sehemu yake kila mara kwa zamu, na apime mambo mawili tu: je, maoni yamenukuu au kuonyesha mahali mahususi, na je, mwandishi anaweza kuyafanyia kitu? Hata sehemu ndogo ya alama za insha ikiwekwa hapo, ujumbe unafika kwamba kusoma ni kazi. Maoni mawili au matatu mazuri yasomwe darasani bila majina kabla ya zoezi linalofuata.

Matokeo yasitafutwe kwenye rasimu ya pili ya insha ya kwanza. Dalili za mwanzo huonekana kwenye maoni: yanarefuka, yananukuu, yanauliza. Baadaye marekebisho yanahama kutoka neno moja moja kwenda sentensi na aya nzima. Ya mwisho kuonekana ni rasimu za kwanza zilizo bora, kwa kuwa mwandishi sasa anajiuliza maswali ya msomaji akiwa bado anaandika.

Kwa wanaoanza kabisa, wenye uwezo wa sentensi tano au sita, karatasi ya maswali ni nzito mno. Kwao msomaji asome, afunike daftari, na amsimulie mwandishi alichoelewa, kwa lugha yoyote wanayoelewana. Mwandishi alinganishe na alichokusudia na kuongeza sentensi moja pale palipopotea. Inachukua dakika mbili kwa kila mtu. Maswali ya kuandika yasubiri mpaka waweze kuandika aya yenye hoja moja na sababu yake.